Vitufe vya Mwalimu wa Kwaya

Makambako,
18 Februari 2024

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Habari za hapo kijijini Ramadhani? Mama hajambo? Na kidonda cha shingoni, kimekauka? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila upepo wa Makambako unaujua. Leo umeng'oa bati la jirani yangu ukalisafirisha bila nauli.

Barua hii anakuletea Haruni wa basi, pamoja na boksi. Ulipotoka Dar kwenye upasuaji ukiwa huna tena sauti, nilifikiri tutaandikiana kwa simu. Lakini majibu yako yote ni herufi mbili mbili, na Mama anasema unakigonga kioo cha simu kama unabisha hodi kwa mtu aliyehama. Sikulaumu. Vidole vilivyolima viazi maisha yote vimekauka, na waliobuni vioo vile hawajawahi kushika jembe. Kwa hiyo nimekutengenezea kitu chenye vitufe vya kubonyeza.

Ndani kuna kompyuta ndogo inayoenea kiganjani, kioo, spika na kibodi. Andika sentensi, halafu bonyeza kitufe kirefu nilichokipaka rangi nyekundu. Spika itaisoma kwa sauti na watu wataisikia. Kibodi nimeichagua mwenyewe. Siku hizi wanatengeneza vibodi vyembamba kama kaki, unabonyeza hujui kama umebonyeza. Hii ni ya zamani, nene, inalia ta-ta-ta, nimeiokota kwenye ofisi iliyofungwa nikaisugua kwa mswaki. Na boksi lote limefungwa kwa skrubu, hakuna gundi. Kitu nisichoweza kukifungua kwa bisibisi mimi nakiona cha kuazima tu, hata kama nimekilipia.

Baba, nakuambia wazi kwa nini nimeharakisha. Sendofu yangu, ya kuagwa kwenda kwa mchumba wangu Ema, ni Desemba. Kwetu anayemuaga binti ni baba yake, amesimama mlangoni, kwa kinywa chake mwenyewe. Baba mkubwa ameshanipigia kusema yuko tayari kukusemea. Nimemwambia asante, ila simtaki yeye, namtaka mwalimu Filemoni. Mtu aliyefundisha kwaya ya usharika tangu sijazaliwa hawezi kuniaga kwa chaki na ubao wa mtoto wa chekechea.

Litumie, kisha uniambie ukweli.

Ni mimi binti yako,
Rejoice

*

Ramadhani, Njombe,
4 Machi 2024

Mwanangu Rejoice,

Marahaba. Kamwene. Sisi hatujambo. Mama yako anakusalimu, kuku wanakusalimu, mahindi yamestawi. Kidonda kimekauka. Limebaki tundu, ndilo napumulia, na nimelizoea kiasi ambacho mtu anaweza kuzoea jambo kama hilo.

Boksi limefika salama. Kibodi nimeipenda. Ina uzito, ina sauti, kidole kinajua kimefika. Ulisema nikuambie ukweli, basi mengine haya hapa, na usinune.

Mashine yako haina subira. Jumapili baada ya ibada wazee walikuja kunitazama, wakaniuliza maoni yangu kuhusu nyimbo za Pasaka. Nikawaza. Nilipoinua mkono nijibu, kioo kilikuwa cheusi. Imelala! Nikaibonyeza, ikaanza kuamka na kujinyoosha, ikaonyesha maandishi yake ya Kizungu, na ilipokuwa tayari kunisikiliza wazee walikuwa wameshafika kwenye bei ya mbolea. Mtu mzima akinyamaza hajaondoka, Rejoice. Anatafuta neno. Aliyebuni jambo hili hakulelewa na watu wazima.

Halafu haijui kusema kamwene, salamu yetu ya nyumbani. Inaitamka kama jina la dawa ya mifugo.

Na kubwa kuliko yote, huyu bwana anayesema humo ni nani? Niliandika, "Zipora, naomba chai," na mama yako akakimbilia kujifunga kanga vizuri akidhani tumepata mgeni. Tulicheka, mimi nikicheka kwa mabega tu. Baadaye nikiwa peke yangu niliandika "Mimi ni Filemoni" nikabonyeza chekundu. Yule bwana akasema kwamba yeye ni Filemoni. Mwanangu, nililia, na siku hizi hata kilio changu hakitoki nje.

Kama huyo ndiye atakayekuaga mlangoni, basi afadhali kaka yangu. Yeye angalau ni ndugu.

Usikate tamaa. Kazi yenyewe ni nzuri, kasoro mwenye sauti.

Baba yako,
Filemoni

*

Makambako,
23 Machi 2024

Baba,

Shikamoo. Kamwene, na hii nimeiandika kwa mkono ili isiharibike. Natumaini hamjambo wote. Mimi sijambo, isipokuwa sehemu moja ya moyo uliyoikanyaga kwenye barua yako.

La kulala nimelirekebisha, na programu mpya iko kwenye kadi ndogo niliyoibandika nyuma ya barua hii. Itoe ya zamani uweke hii. Mimi ndiye niliyeiagiza ilale, ili betri idumu. Nilihesabu betri, nikasahau wazee.

Acha nikueleze ninavyofanya kazi, labda utanionea huruma. Kutwa naandika programu za mizani za maghala ya mahindi. Wenzangu wanatumia programu za kuandikia zenye mapambo, zinazowamalizia sentensi kabla hawajafikiri. Mimi natumia ile kavu, maandishi meupe kwenye giza, kwa sababu sipendi chombo kinachonidakia maneno. Na kila badiliko ninaloliweka, kuna chombo kingine kinalihifadhi pamoja na maelezo mafupi ya kwa nini nimebadilisha. Hakisahau kitu. Nikiharibu leo, narudi kwenye jana. Chombo hicho nakipenda kuliko vyote. Natamani maisha yangekuwa nacho, tungerudi kwenye ile Desemba sauti yako ilipoanza kukwaruza, tukuwahishe hospitali badala ya kukupikia tangawizi.

Sasa la sauti. Kuna programu za siku hizi, ukiipa sauti ya mtu inaiiga. Ukiandika neno lolote, hata ambalo hajawahi kulisema, linatoka kama yeye. Ninachohitaji ni wewe ukiongea mahali popote. Zile kanda za mazoezi ya kwaya bado zipo? Hilary wa sauti ya nne si ndiye alikuwa anarekodi kwa redio yake?

Nitumie, Baba. Nitakurudisha.

Binti yako,
Rejoice

*

Ramadhani, Njombe,
16 Aprili 2024

Mwanangu,

Marahaba. Tumesherehekea Pasaka salama. Kwaya iliimba, mimi nilikaa kiti cha nyuma na wanaume wa sauti ya nne wakawa wananipiga chabo kama wanafunzi walioficha kitu. Waliimba kwa haraka mno. Hakuna aliyewaambia wapumue.

Hilary amezitoa kanda juu ya dari, panya wamekula boksi na kuacha nyimbo. Haruni atakupa zote. Ila nisikilize. Ile programu ya kuiga siitaki. Ukiniandikia maneno nisiyowahi kuyasema na yakatoka na sauti yangu, huyo atakuwa yule bwana wa kwanza tena, amevaa koti langu tu. Mimi nilichosema nilikisema. Nisichosema, Mungu ndiye anajua kwa nini.

Na hata kibodi nimeifikiria upya. Kuna vitufe vingi mno. Mimi nikiwa na jambo la kusema nalitafuta herufi moja moja kama anayeokota mahindi yaliyomwagika, na aliyeuliza ameshaenda zake. Unakikumbuka kinanda cha kanisani, kile cha kukanyaga? Kilikuwa na vitufe vilivyokufa, tukawa tunapiga nyimbo kwa vile vilivyobaki, na wageni kutoka mjini wakatusifu. Nitengenezee kitu chenye vitufe vichache. Kisiwe na kioo, maana kioo kinanifanya nikitazame chenyewe badala ya kumtazama mtu. Na kitumie betri ninazoweza kununua dukani hapa kwa jirani, si hizo za kuagiza mpaka ng'ambo.

Kuhusu mlangoni, nipo. Siku ya kumuaga shangazi yenu, babu yako alikuwa na homa kali, lakini alisimama. Na mimi nitasimama. Tutafute namna.

Baba yako,
Filemoni

*

Makambako,
22 Juni 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Poleni na baridi. Nisamehe kwa ukimya, maana ni msimu wa mavuno na mizani za maghala zote zinaumwa kwa pamoja. Lakini si hilo tu. Nimekuwa nakusikiliza.

Kila jioni nikitoka kazini naweka kanda moja. Kusema kweli, siku ya kwanza niliizima haraka. Ulikohoa kidogo, ukasema "Haya," na mimi nikatoka nje nikasimama kwenye upepo. Nilikuwa nimeisahau sauti yako, Baba. Miezi michache tu, na nilikuwa nimeshaanza kuisahau.

Boksi jipya ndilo hili. Mbao ni za paina kutoka Kifanya, amezichonga Ema, na vitufe ni vipana kama vipande vya sabuni, ili usitafute. Umtanie utakavyo, lakini yeye ni Mkinga wa kwanza kukutengenezea kitu bila kutaja bei. Halina kioo wala kulala. Betri ni zile za tochi. Ukibonyeza, linasema papo hapo, na kila lisemalo ulilisema wewe. Nimekata tu, sikuiga kitu. Kuna "Pumueni." Kuna "Taratibu, taratibu." Kuna "Sauti ya nne, msilale." Kuna "Fungeni mlango, baridi inaingia," ambayo nadhani utaihitaji mwezi ujao. Kuna "Hapana," nilikuwa na za kuchagua kama mchele. "Vizuri" ilinisumbua, maana kwenye kanda zote umeisema mara moja, na hapo nadhani ilikuponyoka. Na "Kamwene" ipo, ya kweli.

Jina langu pia lipo. Umelisema mara nyingi, na kila mara ni kitu kimoja. "Rejoice! Umechelewa tena. Haya wote, kutoka mwanzo." Nilikuwa sauti ya pili mbaya kiasi hicho? Nimeliweka kwenye kitufe cha mwisho, ucheke.

Sasa nikuombe jambo. Kwenye kanda moja mnamuaga Zita, yule wa sauti ya kwanza aliyeolewa Songea. Unasema, "Zita, nenda na amani. Mlango wetu haufungwi." Baba, hayo ndiyo maneno ya mlangoni, yote, kwa sauti yako. Umempa Zita. Nilikaa nikayasikiliza na nikaona wivu wa kijinga kama wa mtoto. Ruhusa ninayoomba ni hii tu, nitoe jina la Zita niweke la kwangu. Ni mkato mmoja. Siku ya sendofu utabonyeza, utaniaga, na hakuna neno hata moja ambalo hukulisema.

Naomba unikubalie.

Binti yako mchelewaji,
Rejoice

*

Ramadhani, Njombe,
21 Julai 2024

Mwanangu Rejoice,

Marahaba sana. Kamwene. Sakitu, ule umande ulioganda, imechoma viazi vya bondeni, vya juu vimepona. Mama yako ameniwekea jiko la mkaa miguuni na kunizungushia skafu tatu, nimekuwa kama gunia lililoshonwa.

Mwambie Ema ahsante. Mwambie pia kona moja hakuipiga msasa, imenichoma mwiba, kwa hiyo bado ni fundi wa kwao Makete.

Nataka nikusimulie. Alhamisi nilikwenda mazoezini na boksi kwapani. Nikakaa kiti changu cha zamani, na hakuna aliyejua nilichobeba. Wakaanza kuimba, mbio zao zile zile. Nikabonyeza. "Hapana." Rejoice, laiti ungewaona! Hilary alinyooka mgongo kabla hajageuka. Mama mmoja wa sauti ya kwanza akaanza kulia wimbo ukiwa katikati. Nikabonyeza "Pumueni," wakapumua. Kwaya nzima ikavuta pumzi kwa pamoja, nikaisikia hewa ile ikiingia vifuani mwao, na mimi nikavuta kwa tundu langu. Niliwafundisha mpaka giza lilipoanza kuingia. Kwa vitufe vile vichache sikupungukiwa na neno. Inaonekana maisha yangu yote nilikuwa nasema mambo hayo hayo.

"Vizuri" sikuibonyeza. Hawakustahili.

Sasa ombi lako. Nimelifikiria siku nyingi na jibu ni hapana, na usinihesabie ukatili. Yale maneno nilimpa Zita. Alikuwa yatima, hakuwa na baba wa kumsimamia mlangoni, nikamsimamia mimi. Siwezi kumnyang'anya leo kwa sababu ni rahisi kukata. Na jina lako pale nimelisema nikiwa na hasira ya kazi. Ukilibandika kwenye baraka litaingia na hasira yake. Mtu mwingine hatasikia, lakini wewe utasikia, maana una masikio yangu.

Ya kwako nitakupa mwenyewe. Nitasimama mlangoni, nitakushika kichwa, nitaandika kwenye karatasi mama yako asome. Si sauti yangu, najua. Lakini mikono itakuwa yangu.

Koti langu la ibada limekua kubwa, litapunguzwa kabla ya Desemba.

Baba yako,
Filemoni

*

Makambako,
9 Agosti 2024

Baba,

Shikamoo. Sikuulizi hali, kwa sababu safari hii nimeulizia kwa Mama.

Koti halijakua, Baba. Umepungua wewe. Mama amenipigia simu akilia, akasema uvimbe waliokutoa Dar umerudi upande wa pili, na umeujua tangu Juni, na umemkataza asiniambie eti nina kazi nyingi. Kazi! Mizani za mahindi! Mimi nakutengenezea vitufe na wewe unanificha jambo kama hili, unaniandikia habari za mwiba wa Ema. Nimekasirika. Naandika nikiwa nimekasirika na sitafuti karatasi nyingine.

Nakuja Jumamosi, tutakwenda hospitali. Usimtume Mama aniambie umelala.

Na nimefanya jambo. Nilikata. Nilitoa Zita, nikaweka Rejoice. Ilikuwa kazi ya muda mfupi tu, mkato mmoja kama nilivyosema. Nikasikiliza, na niliweka kichwa mezani. Ni wewe, Baba. "Rejoice, nenda na amani. Mlango wetu haufungwi." Ni kweli jina linatoka kali kidogo, halafu amani inakuja polepole, kama watu wawili wasiojuana. Ulisema nitasikia, na nimesikia. Lakini sijali. Wewe unazungumzia kusimama mlangoni Desemba. Na kama hutasimama? Nani ataniambia? Nibaki na nini, na "umechelewa tena"?

Sijaliweka kwenye boksi lako. Liko kwangu. Nakuomba ubadilishe jibu lako tukiwa bado wawili wa kujibizana.

Rejoice wako

*

Ramadhani, Njombe,
13 Septemba 2024

Mwanangu,

Marahaba. Ulikuja, tukaenda, daktari akasema alichosema, na hakuna haja ya kukirudia. Ahsante kwa kunishika mkono kwenye yale mabenchi. Ahsante pia kwa kutolitaja lile jambo siku zote ulizokaa hapa. Nilikuona unavyoling'ata.

Mwandiko umeharibika, vumilia. Kibodi yako nzito nimeiomba tena kitandani. Mama yako ameniwekea mapajani, naipiga ta-ta-ta bila kuiwasha. Napenda tu kuibonyeza.

Tarehe msiisogeze. Si mbele, si nyuma. Ukisogeza nitajua.

Kuhusu ulichokata, sitakuambia ukifute. Siku ya sendofu kikiwa mkononi mwako, mimi sitakuwa wa kukuzuia, na huzuni ni kitu kikali, naijua. Nakuomba tu. Sauti ndiyo kitu nilichofanyia kazi maisha yangu yote. Niliwafundisha watu wasiimbe wasichokiamini. Usinifanye niseme nisichokisema.

Ulivyokuwa unachelewa kuingia, sikuwahi kukueleza kwa nini nilikuwa nakugombeza wewe kuliko wengine. Wengine walipokosea nilisikia kwa masikio. Wewe ukikosea nilikuwa nasikia hapa kifuani. Nilikuwa nakusubiri. Kila wimbo, mpaka ule mstari wa sauti ya pili, nilikuwa nakusubiri wewe tu.

Nimechoka. Msalimie Ema.

Baba yako

*

Makambako,
16 Desemba 2024

Baba yangu,

Shikamoo.

Naandika kama kawaida, ila Haruni hana pa kuipeleka hii. Tulikuzika kijijini Kichiwa mwezi wa kumi, karibu na babu, siku ya ukungu. Mama hajambo kiasi. Anatengeneza chai ya watu wawili, kisha anakumbuka na kunipigia simu. Viazi vimeota.

Tarehe hatukuisogeza. Sendofu ilikuwa juzi Jumamosi, hapo hapo nyumbani, hema limefungwa mpaka kwenye mti wa parachichi. Kwaya yote ilikuja na sare, bila kualikwa kama kwaya. Hilary amezeeka ghafla.

Nikuambie ukweli, maana ndiyo ilikuwa kanuni yetu. Nilikwenda na boksi la Ema, na kwenye kitufe cha mwisho nilikuwa nimeweka kile nilichokikata. Niliipanga safari nzima kutoka Makambako. Baba mkubwa angesimama mlangoni, angenyamaza, mimi ningebonyeza, na wewe ungeniaga mbele ya watu wote. Niliwaza jinsi Mama atakavyofurahi. Niliwaza na mimi.

Asubuhi ile nilijifungia chumbani kwako kuvaa. Kibodi nene ilikuwa juu ya kitanda, Mama hajaiondoa. Nikakaa, nikaiweka mapajani, nikabonyeza vitufe bila kuiwasha, ta-ta-ta. Halafu nikasikiliza kile nilichokikata mara ya mwisho, spika nimeiweka sikioni. Jina kali, kisha amani ya Zita. Nilisikia mkato, Baba. Naapa hakuna mtu mwingine angeusikia.

Nikafungua kompyuta nikafuta. Nilikuambia kile chombo changu hakisahau kitu, ukifuta leo kinakutunzia cha jana. Hiyo ndiyo sababu ya kukipenda. Siku hiyo ilibidi nikilazimishe kisahau, nirudi nyuma hatua kwa hatua, nitoe ule mkato kila mahali ulipohifadhiwa, mpaka pasiwe na pa kurudi. Mashangazi walikuwa wanagonga mlango wakidhani nalia kwa sababu ya nywele. Kisha nikarudisha kwenye kitufe cha mwisho kile ulichokisema kweli.

Muda ulipofika, baba mkubwa alisimama mlangoni. Alisema maneno mazuri na sikusikia hata moja. Nilikuwa nimepiga magoti, boksi nimelipakata juu ya gauni. Alipomaliza, Mama akanitazama. Nikabonyeza.

"Rejoice! Umechelewa tena. Haya wote, kutoka mwanzo."

Nilitaka watu wacheke kidogo, ndivyo nilivyofikiri. Hakuna aliyecheka. Nyuma yangu nikasikia hewa. Kwaya yote ilivuta pumzi kwa pamoja, pale pale, bila kuambiwa, ile pumzi uliyowafundisha, na wakaanza. Ule wimbo wa kuagana. Kutoka mwanzo, taratibu, hakuna aliyekimbia. Sauti ya kwanza ikaingia. Ya nne ikaingia, Hilary hakulala. Halafu ukafika ule mstari wa sauti ya pili, na wanawake wa sauti ya pili hawakuuimba. Waliuacha wazi, wakanitazama.

Nilijaribu, Baba, nikashindwa, nikapumua. Walikuwa bado wananisubiri.

Niliingia nimechelewa.

Binti yako,
Rejoice